Niliwalilia mbayuwayu, ankara sikuililia

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, nina miaka 33, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kiume na tunaishi Tabata. Cheti cha CPA nimekipata kwa jasho, somo moja nililirudia mara mbili, kwa hiyo kazi yangu siichezei. Kuanzia Januari mpaka Machi, wateja wanapofunga hesabu za mwaka, mume wangu huwaambia watu kwamba yeye ni mgane wa msimu.

Miaka minne iliyopita bibi yangu alifariki, Muheza. Wajukuu tulipogawana vitu vyake hakuna aliyekitaka cherehani. Ni Singer nyeusi ya miguu, ile yenye maua ya rangi ya dhahabu, na maua yamefutika pale tu mkono wa bibi ulipozoea kukaa. Nikaona haya kukiacha. Nikakipakia kwenye basi, nikakilipia kama abiria. Jirani mmoja alinionyesha kutia uzi na kujaza bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mengine yote nimejifunza kwa kuharibu.

Kilichonishangaza ni kwamba nilikaa mbele ya cherehani nikajikuta nipo ofisini. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, na kila sindano ikishuka nyuzi hizo hukamatana. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu: hii si ndiyo debiti na krediti, zile pande mbili za vitabu vya hesabu? Darasani tulifundishwa habari za Luca Pacioli, mtawa wa Kiitaliano, aliyeueleza utaratibu huo wa wafanyabiashara katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kila kinachoingia upande huu kina mwenzake upande ule, na urari, yaani ulingano wa pande hizo, ukigoma ujue kuna mahali pamekosewa. Mshono nao ukigoma, naanza kutafuta ni uzi gani umeonewa.

Tangu siku hiyo naona ofisi kila mahali. Pini ninazochomeka ni vitiki vyangu vya kwenye leja. Kile kitambaa cha ziada unachokiacha pembeni, ili nguo ikibana iachiwe, ni akiba ya tahadhari. Kufumua ni kurekebisha ingizo. Nikafungua na daftari: kitambaa gani, mita ngapi, kimenunuliwa lini Kariakoo na kwa bei gani, kimetumika wapi, kimebaki kiasi gani, nimetumia saa ngapi. Mume wangu alilifunua akaniuliza nani atalisaini.

Sasa sikiliza kilichonipata mwezi uliopita. Mdogo wangu alikuwa na send-off Morogoro, nikajitolea kushona sare za wasindikizaji wanne. Kitenge kilikuwa cha mbayuwayu, kizuri mno, ndege wote wanaruka kuelekea upande mmoja. Mshono wenyewe ni gauni lenye sketi ya vipande sita, vyembamba kiunoni na vipana chini. Nilipovipanga kwenye kitambaa nikaona nikikigeuza kimoja juu chini na kingine chini juu vinaingiana vizuri sana, naokoa karibu mita moja. Nikafurahi, nikapiga mkasi. Saa saba usiku naunganisha, nashtuka: ndege nusu wanapaa, nusu wanaanguka vichwa chini. Magauni yote manne.

Mama Mkubwa, nililia. Nililia mpaka mtoto akaamka. Kesho yake nilikimbilia Kariakoo, kitenge kilekile kipo, ila bluu yake imekolea kidogo kuliko ile ya kwanza. Nikashona hivyohivyo. Hakuna aliyeona, au walioona walinistahi.

Wiki hiyohiyo ofisini meneja wangu alinirudishia faili la mteja. Kulikuwa na ankara ya Januari iliyoingizwa kwenye matumizi ya Desemba, nami nilikuwa nimeipitisha. Kosa kama hilo kwa kazi yetu si dogo. Nilisoma maandishi yake mekundu, nikasema sawa, nikarekebisha, nikaenda kula chipsi. Sikulia hata kidogo.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kazi inayonilisha sikuililia, mchezo nikaulilia. Wenzangu ofisini wanasema hiyo ni ishara, niache kazi nifungue duka la nguo, mikono yangu ni pesa. Mume wangu anasema mshika mbili moja humponyoka, na kwamba ninapoteza usingizi kwa jambo ambalo fundi wa hapo mtaani analimaliza kwa siku moja. Mama yangu yeye ana yake: kazi mbaya si mchezo mwema. Na mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza, kama kushona kwangu kumekuwa ukaguzi uleule wenye tarehe za mwisho na daftari, hivi bado napumzika? Au nimejiajiri kazi ya pili isiyo na mshahara?

Naomba unijibu, usinionee haya.

Binti yako, Tabata

Tena, samahani: mkanda wa ngozi wa cherehani umeanza kuteleza, nakanyaga weee, gurudumu la juu halizunguki. Mkanda mpya nimeutafuta sijaupata.

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshika kipande cha kitenge mkononi ili nione vizuri ulivyokikata. Nikacheka, unisamehe. Kila mshonaji ana ndege wake waliopinduka. Wangu walikuwa vikombe vya chai, kwenye mapazia, na mapazia yale yalining'inia sebuleni Ngamiani miaka sita, wageni wanageuza shingo.

Nianze na mita moja uliyoiokoa, maana naona umeipita mbio. Unasema nyumbani umejikuta upo ofisini. Haya, aliyepanga vile vipande ni nani? Ni mkaguzi. Aliona nafasi ya kubana matumizi, na ofisini angepewa hongera. Jicho lako limezoea tarakimu, na tarakimu haina juu wala chini, ukiacha 6 na 9. Kitambaa kinavyo. Kitenge cha ndege, cha miti, cha maandishi, khanga yenye jina lake, hata mahameli isiyo na picha yoyote, vyote vina upande wa kichwa na upande wa miguu. Mahameli ukiipapasa huku inalala, ukiipapasa kule inasimama, na ukivichanganya vipande gauni linakuwa kama la rangi mbili. Kabla ya mkasi, chukua chaki, geuza kitambaa, piga mshale nyuma ya kila kipande kuonyesha juu ni wapi. Mishale yote ikitazama upande mmoja, kata. Hiyo mita moja iache iende.

Kwa hiyo mlinganisho wako naukubali, lakini nusu. Hata nyuzi zako mbili. Kwenye vitabu vyenu pande mbili lazima zilingane, senti kwa senti, awe mteja muuza nyanya au benki. Mshono haulinganishwi hivyo. Fundo la nyuzi mbili linatakiwa lizame katikati ya kitambaa, lisionekane juu wala chini, na kila kitambaa kina unene wake. Uzi ulioukaza ukakaa vizuri kwenye jinzi, ukiuleta kwenye khanga nyepesi bila kugusa ile skrubu ya kukazia uzi, utaukunja mshono kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Ndiyo maana mafundi huanza na kipande cha kutupa, cha kitambaa hichohicho, wakikunje mara mbili, wapige mshono wa kiganja kimoja, wautazame mbele na nyuma. Urari wa mshono ni wa siku hiyo na kitambaa hicho.

Na usisahau kwamba nyuzi mbili ni mambo ya mashine, za juzi tu. Sindano ya mkono tundu lake lipo mkiani. Sindano ya cherehani tundu lipo ncha, na Mmarekani Elias Howe alipopewa hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1846, tundu hilo la ncha pamoja na uzi wa pili unaopita chini ndivyo vilivyokuwa moyo wa mashine yake. Mshono wa mkono unakwenda na uzi mmoja. Nenda Zanzibar au Lamu uwaangalie washona kofia: uzi mmoja, vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine, wiki kwa wiki, pengine miezi, kofia moja. Pale Pacioli wako hana la kusema.

Sasa machozi. Wenzako ofisini wamesema ni ishara, nami sikubaliani nao. Hebu jiangalie kazini. Wewe unaandaa, aliye juu yako anapitia, mkubwa wenu anasaini. Ankara ile ilikupita, ikanaswa na jicho la pili, ndiyo kazi ya jicho la pili. Hukulia kwa sababu kosa lilikuwa halijafika kwa mtu. Lakini Jumamosi usiku umepima mwenyewe, umekata mwenyewe, umeshona mwenyewe, kisha unajikagua mwenyewe saa saba za usiku na kujihukumu mwenyewe. Ninyi si mna sheria kwamba mtu asikague kazi aliyoifanya kwa mkono wake? Mnawanyima wateja ruhusa hiyo, wewe unajipa kila wikiendi. Hapo angekuwepo mtu mmoja tu kwenye mkeka, hata mtoto wako, kabla hujapiga mkasi angesema, “Mama, mbona huyu ndege anaanguka?”

Kwa hiyo nakutuma kwa huyo fundi wa mtaani anayekutania naye mumeo. Usimpelekee kazi, mpelekee nguo uliyoshona wewe, na soda. Ataifanya vile wafanyavyo wote: haangalii mbele, ataigeuza ndani nje, ashike mshono kwa dole gumba huku na huku, auvute. Halafu atakwambia neno moja, labda “kwapa”. Utaudhika. Ukifika nyumbani utaona ni kweli, ni kwapa. Mimi nilikuwa na mzee wangu wa namna hiyo barabara ya kumi na mbili, mtu wa maneno machache, aliniambia “shingo” miaka mitatu mfululizo.

Nikuambie na yangu, kuhusu duka. Nilikuwa mpiga chapa ofisi moja Tanga kwa miaka 28, enzi za taipureta na stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala. Kosa kwenye stensili unalipaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga herufi juu yake, na ukikosea mara ya pili stensili imekwisha. Nikirudi nyumbani nashona magauni yangu, na kufumua kulikuwa raha, kwa sababu kitambaa kinasamehe kuliko stensili. Basi mke wa mkubwa wangu akaliona gauni nililovaa kwenye sherehe ya mwaka mpya. Akataka la kwake. Nikamshonea. Akamleta dada yake, dada akaleta jirani, jirani akaleta sare za ubatizo. Kukataa siwezi, ni mke wa bosi. Kutoza bei ya haki siwezi, ni mke wa bosi. Mwaka haujaisha nikawa nikisikia sauti ya mlango naficha cherehani kwa shuka. Miaka miwili sikushona kitu, hata kifungo. Cherehani kikaota kutu mimi nikikitazama.

Wewe unaijua tarehe 7 ya PAYE, kodi ya mishahara, na tarehe 20 ya VAT kuliko unavyoijua siku ya kuzaliwa ya mumeo, kwa hiyo hesabu ya duka huhitaji kufundishwa na mpiga chapa. Fanya moja tu. Chukua daftari lako, angalia saa ulizotumia kwa gauni moja, zizidishe kwa kile ofisi yako inachokulipa kwa saa, ongeza kitambaa, uzi na zipu. Kisha ulizia bei ya gauni la namna hiyo kwa fundi. Tofauti utakayoiona ndiyo ada yako ya kujifurahisha, na nadhani unaweza kuimudu. Fundi anakushinda kwa kuwa mkono wake umekata gauni hilo mara elfu. Anakata bila kuchora. Ukitaka kushindana naye utalazimika kushona mshono uleule kila siku, na kwa barua yako naona hilo hutalipenda. Siku moja ukilipenda, niandikie upya.

Mumeo mwambie hivi: methali yake ni nzuri, ila cherehani cha miguu hakinywi LUKU, na aliyeponyokwa na kitu mpaka leo simwoni. Hata hivyo usingizi anaousemea ni wa kweli. Saa nne usiku funika cherehani. Mkasi na usingizi havikai pamoja, na nakuapia ungevipanga vile vipande saa tatu asubuhi, mwanga wa dirishani, ungewaona ndege kabla ya kukata.

Mama yako simjibu. Mama hajibiwi kwenye gazeti.

Daftari usilichome. Bei na mita zibaki, zitakusaidia Kariakoo. Safu ya saa, ukishapiga ile hesabu niliyokwambia, ifute. Na sare za bure ziishe. Ukiulizwa, sema una kazi ya mtu mbele yako, na mtu huyo ni wewe. Nunua mita mbili za kitambaa ambacho hakina mwenyewe, hakina harusi, hakina tarehe, ukate kitu usichojua kitakuwa nini. Utaona vigumu sana mara ya kwanza. Mimi nilitoa foronya.

Kuna jambo moja nataka ulitoe nyumbani ulipeleke ofisini, maana naona mizigo yote imekuwa ikija upande huu. Bandi. Unajua kupiga bandi? Uzi wa rangi nyingine, sindano ya mkono, hatua ndefu ndefu, unashikiza nguo nzima kwa muda, unaivaa, unaitazama, kisha unashona na kuuchomoa. Uzi wa bandi unatiwa ukijulikana kabisa kwamba utatolewa, kwa hiyo mkono unakwenda bila woga. Faili la mteja umelipeleka kwa meneja likiwa limeshonwa mara mbili na kupigwa pasi. Safari ijayo mpelekee likiwa na bandi, mapema, mwambie hapa na hapa sijaridhika. Ankara ya Januari huonekana vizuri zaidi kabla ya pasi.

Hukusema umezifanyia nini zile sketi za kwanza. Kama bado zipo, chukua moja, iunganishe kama ilivyo, tia mpira kiunoni, ivae sokoni Jumamosi. Nina hakika kuna mwanamke atakusimamisha Tabata hapo aulize mshono huo umeuona wapi.

Kuhusu mkanda, usitafute mpya. Ngozi hurefuka kwa miaka. Utauona umeungwa mahali na kipini cha waya. Ufungue huo waya kwa koleo, kata ngozi kidogo sana, kama sentimita moja, toboa tundu jipya kwa msumari, uunge tena na uubane waya kwa nyundo taratibu. Ukikata nyingi kwa pupa utakuwa umeubana kupita kiasi, na cherehani kitakuwa kizito miguuni kama baiskeli yenye pancha. Ukimaliza tia mafuta ya cherehani, si ya kupikia, kila palipo na kitundu, halafu shona kipande cha kutupa kwanza ili mafuta yasiende kwenye nguo.

Mama Mkubwa